Maji hufuata waya: somo la dishi na ujira wa fundi



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili napenda tuzungumze jambo ambalo kwa sura yake ni dogo: namna ya kuingiza waya wa dishi ndani ya nyumba bila ya kuifanya nyumba hiyo ivuje. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na ukurasa wa familia wa gazeti la Kiislamu. Uhusiano upo, na mimi niliujua kwa majuto. Kwa sababu ya tundu moja lisilozidi unene wa kidole, kamati ya msikiti wetu hapa Wingwi ilimzuilia fundi ujira wake kwa zaidi ya miezi miwili, naye hakuwa na kosa. Aliyeandika barua ya kumzuilia ni mimi.

Habari yenyewe ni hii. Jirani na msikiti ipo nyumba ya wakfu anamokaa maalim wa chuo cha Qur'ani pamoja na ahali yake. Katika chumba cha mbele huwekwa misahafu na juzuu za wanafunzi. Paa la zamani lilikuwa limeoza, waumini wakachanga, na kamati ikamweka fundi aezeke mabati mapya. Tulikubaliana naye kwamba sehemu ya ujira ataipata kazi ikimalizika, na salio tutamlipa baada ya mvua za mwanzo kuthibitisha kuwa paa ni zima. Kazi ilikwisha wakati wa jua kali. Muda mfupi kabla ya masika, kijana wa maalim aliyeko Oman akawatumia wazee wake fedha za kununua dishi, wapate kuziona sala za tarawehe zinazorushwa kutoka Makka. Fundi wa dishi akaja, akafunga chuma chake juu ya ukuta wa kusini, akashusha waya, akatoboa ukuta, akalipwa papo hapo na kwenda zake. Bati hakuligusa, na ndiyo maana hakuna aliyemfikiria tena.

Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi ukuta wa kusini ulikuwa na doa la maji lenye upana wa msala, na misahafu minne ilikuwa imerowa. Kamati ikakutana baada ya sala ya Isha. Hoja ilionekana nyepesi: paa ni jipya, mvua ni ya kwanza, nyumba inavuja, nani mwengine wa kulaumiwa isipokuwa mwezekaji? Fundi akaitwa. Akapanda, akakagua misumari mmoja baada ya mmoja, akatia lami pale alipopatilia shaka, akashuka na kusema hakuona kasoro. Mvua ya pili ikaja na maji yakaingia vile vile. Akapanda tena. Mara ya tatu akaniambia maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Katibu, mimi sina zaidi ya hili nililolifanya. Nipeni haki yangu nikawalishe wanangu. Kama hamnipi, basi Mungu yupo."

Hatukumpa. Tulijiona tunalinda mali ya wakfu.

Aliyetutoa gizani hakuwa mjumbe wa kamati. Siku moja nilikwenda kuandika orodha ya misahafu iliyoharibika, na mke wa maalim, bibi mtu mzima ambaye mimi ni kama mwanawe, akaniambia: "Mwanangu, maji haya hayatoki juu. Yanatoka nyuma ya televisheni. Kwanza hutona tone moja moja kwenye waya, baadaye ndio ukuta hurowa."

Nikamuuliza: "Bi mkubwa, mbona hukutwambia siku zote hizi?"

Akanijibu kwa upole: "Mulikuja wanaume wanane mukatazama dari. Nani aliyeniuliza mimi?"

Jioni ile tulichukua ngazi na ndoo. Kijana mmoja wa chuoni akakaa ndani na kuangalia ukuta, nasi tukaanza kumwaga maji nje, kutoka chini kwenda juu, na kila mahali tukasubiri dakika kumi. Chini ya tundu, hakikuingia kitu. Tukapanda tukaumwagia maji waya peke yake, mahali unapoanzia kwenye dishi. Kabla ya dakika kumi kutimia kijana akapiga kelele: "Yanatona!" Mwisho tukauchomoa waya, tukalifunika tundu kwa plastiki, tukamwaga maji juu ya bati lote. Ndani kukabaki kukavu. Paa la fundi wetu lilikuwa zima tangu siku ya kwanza.

Ndugu msomaji, elewa hapa siri ya maji. Maji ya mvua yanapougusa waya hayaanguki chini mara moja. Huung'ang'ania na kuufuata unakokwenda, kama chungu wanavyofuata kamba. Waya ule ulishuka wima kutoka kwenye dishi, ukapinda kwa ghafla na kuingia ukutani. Fundi alikuwa amesimama juu ya ngazi alipotoboa, akaikandamiza keekee kwa nguvu zake, na tundu likainamia ndani. Hivyo waya ukawa mfereji na tundu likawa mlango. Maji yakishaingia ndani ya ukuta hutembea yatakavyo, na doa huweza kutokeza mbali na mahali yalipopita. Ndiyo sababu mwenye kutafuta mavujo kwa kutazama doa peke yake hupotea, kama tulivyopotea sisi.

Tangu umeme wa uhakika ulipovushwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi kisiwani Pemba mwaka 2010, madishi yameongezeka hata katika vijiji ambavyo zamani taa ilikuwa ya mafuta. Kwa hiyo mambo yafuatayo yanamhusu kila mwenye nyumba, na yanamhusu zaidi fundi anayelipwa ili aitoboe nyumba ya mwenzake.

La kwanza ni mahali pa kuliweka dishi. Watu wengi hudhani kuwa ni lazima lipande paani ili lipate mawimbi. Si lazima. Satelaiti hizi zipo juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini, na sisi wa Pemba tuko jirani na Ikweta, kwa hiyo baadhi yake ziko juu sana katika anga yetu. Ile iliyopo nyuzi 7 mashariki, inayotumiwa na baadhi ya ving'amuzi vya kwetu, iko upande wa magharibi, juu zaidi ya nusu ya masafa baina ya upeo wa macho na utosi. Ile ya nyuzi 36 mashariki iko karibu na utosi. Dishi linaloelekea juu kiasi hicho laweza kusimamishwa uwanjani juu ya nguzo ya chuma iliyojengewa kwa zege, maadamu hakuna mnazi, mwembe wala paa linaloziba mbele yake. Nguzo ya uwanjani haitoboi bati, na anayeisafisha au kuirekebisha hapandi juu.

Kama uwanja hautoshi, tumia ukuta. Sisi watu wa Pemba tunapoelekea Kibla huelekea kaskazini. Basi magharibi iko mkono wetu wa kushoto na kusini iko mgongoni. Upepo wa kusi, unaoanza kushika wakati wa masika, huupiga mvua ukuta wa kusini na wa mashariki. Kwa kuwa dishi lenyewe linatazama magharibi, ukuta wa magharibi mara nyingi ndio unaofaa kwa dishi na kwa tundu la waya pia. Fundi wetu alichagua ukuta wa kusini kwa sababu televisheni ilikuwa karibu. Aliokoa mita chache za waya.

La pili ni tundu. Litobolewe chini ya upenu, mahali ambapo paa linalikinga. Liwe limeinama kuelekea nje, yaani upande wa ndani uwe juu na upande wa nje uwe chini, ili hata tone likiingia lirudi lilikotoka. Anayetobolea nje ainue keekee kidogo. Anayetobolea ndani aiinamishe kidogo. Waya wa kawaida wa dishi una unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo tundu la milimita 12 linatosha. Kabla ya kutoboa, hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba la maji ndani ya ukuta mahali hapo. Katika tundu pitisha kipande cha bomba jembamba la plastiki, kisha waya upite ndani yake. Katika ukuta wa matofali ya saruji bomba hilo ni jambo jema. Katika nyumba ya kiambaza cha udongo ni jambo la lazima, kwa sababu udongo ukirowa humong'onyoka, na tundu la kidole mwaka huu huwa la ngumi mwakani.

La tatu, ambalo halina gharama yoyote, ni kuupa waya tumbo. Usiuache ushuke moja kwa moja hadi kwenye tundu. Uteremshe uvuke chini ya tundu kwa kiasi cha shubiri moja, halafu uupandishe uingie kwa kutokea chini. Maji yatafuata waya mpaka pale chini kabisa penye tumbo, na hapo yatadondoka ardhini, kwani hayapandi mlima. Lau fundi wa dishi angefanya hili pekee, misahafu minne ingesalimika na mtu asingedhulumiwa. Lakini usiukunje waya kwa pembe kali; uache uzunguke kwa upole, kwa sababu ukivunjika kwa ndani hata picha hutaipata vizuri. Ufunge ukutani kwa klipu ili upepo usiuchezeshe.

La nne ni kuziba. Saruji peke yake haitoshi, kwa maana ni ngumu na waya ni laini. Waya ukitikisika kidogo, saruji huachana nao na ufa hubaki. Tumia silikoni ya nje, na uchague isiyo na harufu ya siki, kwa kuwa ile yenye harufu ya siki hula madini na haishikani vyema na saruji. Safisha vumbi, ngoja ukuta ukauke, ndipo uzibe. Anayeziba wakati ukuta umerowa amepoteza silikoni yake na wakati wake.

La tano ni waya wenyewe. Katikati yake mna uzi wa shaba, umezungukwa na kitu cheupe laini, kisha karatasi ya madini na wavu wa nyuzi nyembamba, na juu yake gamba la plastiki. Kama kiungio cha kwenye kichwa cha dishi hakikuzibwa, au gamba limepasuka kwa jua, maji huingia ndani ya ule wavu na kusafiri chini ya gamba mpaka kwenye king'amuzi. Hapo tundu la ukuta laweza kuwa limezibwa kwa ustadi wote, na maji yakaingia bado. Dalili yake ni kutu ya kijani kwenye kiungio na picha inayokatika kila inyeshapo. Kizungushie kiungio cha nje utepe wa mpira unaozuia maji, nawe ukianza chini na kupanda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake, kama mabati yanavyolaliana. Zima king'amuzi na ukichomoe kwenye umeme kabla ya kugusa viungio, kwa sababu ndicho kinachopeleka umeme kwenye kichwa cha dishi. Na radi zikianza, tahadhari ni kuchomoa waya wa umeme na wa dishi mapema.

La mwisho, kwa yule asiye na budi ila kulifunga dishi juu ya bati. Ajue kuwa bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, na dishi hukamata upepo kama tanga. Kila siku tundu linavutwa na kusukumwa. Basi chuma kifungwe kwenye mbao za kenchi, kisishikwe na bati tupu. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati na kamwe zisipite bondeni maji yanakotiririka. Kila skrubu iwe na kofia yake ya mpira. Na waya usiingie kwa kutoboa bati, bali ushuke hadi chini ya upenu na kuingia ukutani kama tulivyoeleza. Kwa sisi tulio karibu na bahari, chuma na skrubu ziwe za kupakwa zinki, la sivyo chumvi ya hewa itazila na tundu litabaki wazi.

Hayo ni ya ufundi. Sasa turudi kwenye yale yaliyonifanya niandike.

Nilipokuwa chuoni tulisomeshwa kanuni tano kubwa za fiqhi. Mojawapo ni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Nimeisoma, nimefanya mtihani wake, na nimewasomesha vijana. Yakini yetu ilikuwa kwamba fundi alifanya kazi aliyopewa, na sote tuliiona. Kuharibika kwa kazi yake kulikuwa ni dhana. Lakini siku mas-ala yalipotoka kitabuni yakaja barazani kwetu, tuliiacha yakini tukaishika dhana, tena tukaiandikia barua yenye muhuri wa msikiti. Wasia wa Mtume (S.A.W.) juu ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake kila mmoja wetu anaujua, na wengine wetu huutaja mimbarini. Jasho la fundi huyu lilikauka, na mvua za masika zikapita juu yake.

Kanuni nyengine katika hizo tano ni kwamba madhara huondoshwa. Hii inamgusa kila anayeitoboa nyumba. Mwenye kupanga asitoboe ukuta bila ya idhini ya mwenye nyumba. Na nyumba ya wakfu, idhini yake iko kwa msimamizi wa wakfu. Kwa hakika katika jambo letu hapa palikuwa na uzembe wa kamati pia, kwani tuliliona dishi likifungwa na hakuna aliyeuliza linafungwaje. Jirani usimwelekezee maji ya dishi lako ukutani kwake. Na fundi wa madishi ajue kuwa kazi yake haiishi picha inapotokea. Picha huonekana siku hiyo hiyo, ilhali tundu hujulikana baada ya miezi, wakati yeye yuko kijiji chengine. Tundu lile ni amana aliyoiacha ndani ya nyumba ya watu. Tulipomwita alikuja, hakubisha, akatoboa upya upande wa magharibi na kuliziba tundu la zamani bila ya malipo. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Huenda hakuwahi kuelezwa na mtu yeyote.

Ama fundi wa mabati, tulimwendea nyumbani kwake, mimi na wajumbe wawili. Tulimpa salio lake lote, tukamlipa na siku alizopanda paani kutafuta kosa lisilokuwapo, tukamwomba radhi. Alizipokea fedha, akatukaribisha kahawa. Radhi alisema ametupa. Lakini alituambia pia kwamba katika miezi ile watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi walighairi, kwa kuwa waliambiwa nyumba ya msikiti inavuja. Fedha tuliweza kuzirudisha kwa mkono. Jina tulilazimika kulirudisha kwa ulimi: Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama mbele ya waumini nikaeleza kwamba paa ni zima, na kwamba kosa lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo kamati yetu ina utaratibu mpya. Nyumba ikivuja, kabla ya kumtaja mtu tunamwaga maji kutoka chini kwenda juu, na kabla ya kumwaga maji tunamuuliza mama anayeishi ndani ya nyumba hiyo.

Masika hayako mbali. Jioni ya leo, ndugu msomaji, toka nje uutazame waya wako mahali unapoingia ukutani. Kama hauna tumbo, upe.

Wabillahi tawfiiq.